Guarda, Soglio au Hallstatt: kama una nafasi ya kijiji kimoja tu cha Alps, uende kipi?

Mtu akishapata viza ya Schengen akaanza kusema anataka kuona "kile kijiji cha ziwani chenye mlima nyuma", jua anamaanisha Hallstatt ya Austria, hata kama jina halijui, ameiona kwenye simu tu. Hakuna ubaya. Ila ukimbana kidogo umuulize anataka nini hasa atakwambia utulivu, sehemu ya zamani, anywe chai dirishani asikie kengele za ng'ombe, arudi kazini kichwa kimetulia. Sasa hapo ndo penye shida, maana utulivu na Hallstatt vinakutana kwa masaa machache tu ya siku na ukipishana nayo imekula kwako.

Kwa hiyo nalinganisha vitatu. Hallstatt kwa sababu mtauliza tu hata nikiiacha, alafu Guarda na Soglio, vyote viwili viko mkoa wa Graubünden, mashariki mwa Uswisi, ila kimoja kinaongea Kiromansh na kingine Kiitaliano na hata nyumba zake hazifanani. Viza ni ileile moja, Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo tangu 2008, ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu katikati ya 2024, na maombi unapeleka kwa ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo panga kijiji kabla ya kujaza fomu na sio baada.

Asiye na muda wa kusoma yote haya: safari ya kwanza, una watoto au mzazi, huna gari, nenda Guarda. Mko wawili, mnapenda kutembea kwa miguu na kula taratibu, na mnaweza kwenda mwishoni mwa Septemba au Oktoba, nendeni Soglio. Hallstatt nenda kama utalala palepale usiku mmoja angalau, au kama upo Salzburg tayari na roho inakuuma kuiacha. Hallstatt ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo mwezi wa nane mimi siishauri kwa mtu yeyote ninayempenda.

HALLSTATT, NA KWA NINI UTULIVU WAKE UNA MASAA

Kijiji kina wakazi kama 750 tu. Siku za msimu mkubwa wageni wanaweza kufika 10,000 kwa siku moja. Piga picha hiyo kichwani: mtaa mmoja mwembamba kati ya ziwa na mlima, huwezi kupanuka kushoto wala kulia, alafu watu hao wote wanataka kusimama sehemu ileile moja kupiga picha ileile moja. Mwaka 2023 mwezi wa tano walijenga hadi ukuta wa mbao kuziba mandhari watu waache kujazana pale, kelele zikawa nyingi wakautoa, mwezi wa nane wakazi wenyewe wakaandamana wakafunga barabara kwenye handaki wakitaka idadi ya wageni ipunguzwe. Wachina nao walishajenga nakala ya kijiji kizima kule Guangdong, ikafunguliwa 2012, kwa hiyo ukiona picha hakikisha hata ni Hallstatt ipi.

Sasa, haki yake nayo tuiseme. Kwa historia Hallstatt inawaacha mbali hao wengine wawili. Chumvi imechimbwa mlimani pale kwa miaka kama 7,000, na kuna ngazi ya mbao ndani ya mgodi iliyopatikana 2003 ambayo miti yake ilikatwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, imehifadhiwa na chumvi yenyewe, yani mbao za zaidi ya miaka elfu tatu unaziangalia kwa macho yako. Mwaka 1846 meneja wa mgodi anaitwa Johann Georg Ramsauer alianza kufukua makaburi ya kale bondeni juu ya kijiji, akafukua karibu elfu moja, ndo maana wataalamu wa mambo ya kale wakakipa kipindi kizima cha Enzi ya Chuma jina la Hallstatt. Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1997. Na kuna ile nyumba ya mifupa kanisani: makaburi yalikuwa machache kwa sababu ardhi hakuna, kwa hiyo baada ya miaka kumi na kitu marehemu alifukuliwa, fuvu likaoshwa, likaanikwa juani mpaka likawa jeupe, likachorwa maua na jina na tarehe, likapangwa pamoja na ya ndugu zake. Yapo kama 1,200, zaidi ya 600 yamechorwa, na la mwisho limewekwa 1995, la mama aliyefariki 1983. Wengine watasema inatisha. Mimi nilichoona pale ni heshima, familia zimepangwa rafu moja, ila kama unaenda na mtoto mdogo muulize kwanza.

Kanuni ya Hallstatt ni moja tu: watalii wa mabasi wanaanza kumiminika kama saa nne asubuhi, wanaondoka kuanzia saa kumi na moja jioni. Ukilala palepale unapata jioni yote na asubuhi mapema, ukungu juu ya ziwa, mtaa mtupu, na hapo ndo unaelewa kwa nini dunia nzima ilipagawa. Vyumba ni bei na vinaisha mapema. Kituo cha treni kiko ng'ambo ya ziwa, unavuka kwa boti ndogo inayosubiri treni, ni dakika kama kumi na ndo njia nzuri kuliko zote ya kufika, ila boti inafuata ratiba ya treni, ikishapita treni ya mwisho ya jioni hakuna boti tena, kwa hiyo ndege ikichelewa Vienna usidhani utafika tu usiku usiku kama unavyoshuka Ubungo.

GUARDA

Hapa ntakaa kidogo maana ndo kijiji nnachowapeleka watu wengi.

Guarda kiko kwenye ukingo wa mlima juu ya mto Inn, mita 1,653 kutoka usawa wa bahari. Wanaoogopa habari za kukosa pumzi watulie, Nairobi sehemu kubwa iko juu kuliko hapo. Wakazi hawafiki 200. Mwaka 1622, kipindi cha vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Austria lilipita bondeni likachoma karibu kila kitu, kwa hiyo nyumba unazoziona zimejengwa upya baada ya hapo, nyingi ni za karne ya 17. Karne ya 20 zilikuwa zimeanza kuchoka, ukarabati mkubwa ukaanza 1939 chini ya msanifu Iachen Ulrich Könz, na 1975 kijiji kikapewa tuzo ya Wakker, ambayo Uswisi inatoa kwa sehemu zinazotunza majengo yao vizuri.

Kitu cha kuangalia pale ni kuta. Wanaita sgraffito. Fundi anapiga lipu yenye rangi nzito, kijivu hivi, juu yake anapaka chokaa nyeupe, alafu kabla haijakauka anaikwangua kwa chuma chenye ncha mpaka rangi ya chini itokee, unapata nyota, mawimbi, samaki, maua, herufi za mwenye nyumba na mwaka. Hakuna nafasi ya kukosea maana chokaa ikikauka imekauka. Ukisogea karibu kabisa unaona mstari sio wa kuchora, ni mfereji mdogo, una kina, unaweza kuupitishia kidole, na mawimbi mengine yamepinda kidogo pale mkono wa fundi ulipochoka.

Aliyewahi kukaa Lamu au Mji Mkongwe ataielewa nyumba ya Engadin, ndo jina la bonde hili la Guarda, haraka: ukuta mnene, mlango mkubwa wa kujivunia, lipu iliyofanyiwa kazi ya mikono, na mbele ya mlango benchi la kukaa jioni kusalimia wapita njia, yani baraza kabisa. Tofauti ni sababu. Kule kwetu ukuta mnene unazuia joto lisiingie, huku unalizuia lisitoke. Madirisha ni madogo na yamepanuka kwa nje kama faneli ili mwanga kidogo wa baridi uingie wote. Ule mlango mkubwa wa duara ni kwa ajili ya mkokoteni wa majani makavu, ulikuwa unapita ndani ya nyumba, kwenye ukumbi wanaouita sulèr, moja kwa moja mpaka ghalani nyuma, ng'ombe wako chini, watu juu yao. Chumba kimoja tu ndo kilikuwa na moto, stüva, kimezungushiwa mbao za msonobari zenye harufu nzuri mpaka leo, na juu ya jiko kuna tundu darini na kingazi: unapanda kupitia hapo kwenda kulala chumba cha juu ili joto nalo likufuate. Hoteli na nyumba za wageni kadhaa pale ziko kwenye majengo ya aina hii, kwa hiyo ukichagua vizuri hulali "karibu na" historia, unalala ndani yake. Ukipiga simu kubuki omba chumba cha zamani chenye mbao, usikubali cha kisasa kwa bei hiyohiyo.

Wenye watoto: Guarda ndo kijiji cha hadithi ya Schellen-Ursli ya Selina Chönz, imetoka 1945 na michoro ya Alois Carigiet, kila mtoto wa Uswisi anaijua, ni mvulana anayetafuta kengele kubwa kwa ajili ya Chalandamarz. Na Chalandamarz ni sherehe ya kweli, kila tarehe 1 Machi watoto wanazunguka mitaani wakipiga kengele za ng'ombe kuufukuza msimu wa baridi. Kama ratiba yako inaweza kuangukia tarehe hiyo nenda, ila nunua buti za kweli, theluji bado ipo. Kuna njia ya matembezi ya watoto inayofuata hiyo hadithi pia.

Matembezi ninayoyapenda pale ni kutoka Guarda kupitia kitongoji cha Bos-cha mpaka Ardez, kama masaa mawili ya mwendo wa polepole, hakuna kupanda kwa kutisha, na Ardez kuna nyumba imechorwa Adamu na Hawa ukuta mzima, alafu unarudi kwa treni. Miguu ikiuma, mji wa Scuol uko karibu na una bafu kubwa la maji ya madini.

Ubaya wa Guarda? Jioni hakuna kitu. Nasema hakuna kitu. Baada ya chakula cha usiku unasikia maji ya bomba la kijiji yakimwagika kwenye hodhi na kengele ya kanisa, basi. Wenye kupenda kuchangamka usiku watalia siku ya pili.

SOGLIO

Huku ni bonde la Bregaglia, unateremka kuelekea Italia, na hewa inabadilika kabisa. Mita 1,090 tu, chini ya Lushoto. Nyumba za mawe zimebanana, paa ni mabamba mazito ya mawe, vichochoro vimesakafiwa kwa mawe na sehemu nyingine mkinyoosha mikono mnagusa ukuta wa huku na wa kule. Mbele yako, ng'ambo ya bonde, yamesimama majabali ya granaiti ya Sciora na Piz Badile, makali, yamechongoka, na jioni yanawaka rangi ya chungwa. Mchoraji Giovanni Segantini alikuwa anakuja kukaa pale wakati wa baridi miaka ya 1890, na huwa wanasema yeye ndo aliyeiita Soglio mlango wa peponi. Kama utapita St. Moritz ingia makumbusho yake, kuna mchoro mkubwa sana wa "Uhai" ambao mandhari yake ni hizihizi za Soglio.

Familia ya Salis ndo walikuwa wakubwa wa pale, jumba lao la Palazzo Salis limejengwa 1630 na limekuwa hoteli tangu 1876, bustani yake nyuma ina miti miwili mikubwa ajabu ya sequoia. Mshairi Rilke alikaa humo kiangazi cha 1919. Unaweza kuingia kunywa kahawa bustanini hata kama hulali humo, na nadhani ndo kahawa yenye thamani kuliko zote utakazokunywa Uswisi, maana bei ya kahawa Uswisi ni ileile tu kokote uendako. Kwenye majumba ya zamani namna hii soma vizuri kabla hujalipa kama chumba kina bafu lake ndani au la kuchangia.

Lakini kinachoifanya Soglio iwe Soglio ni chesnati, zile njugu za kahawia wanazochoma barabarani kwenye miji ya Ulaya wakati wa baridi. Chini ya kijiji, kuelekea Castasegna, kuna msitu wa Brentan, miti mikubwa ya miaka na miaka imepandwa kwa nafasi kama shamba la miembe, nyasi chini zimefyekwa, na katikati kuna vibanda vya mawe. Mwezi wa kumi wanaokota, wanamwaga njugu juu ya dari la fito ndani ya kibanda, chini wanawasha moto wa magogo usiokuwa na mwali, moshi tu, na wanauacha ufuke kwa wiki kadhaa, mtu anakuja kuuangalia kila siku, anazigeuza. Ukipita unaona moshi unatoka kwenye paa la mawe na kwa dakika moja unadhani kibanda kinaungua. Zikikauka wanazipigapiga magamba yatoke, nyingine zinasagwa unga. Zamani hiki kilikuwa chakula cha maskini cha kuvukia baridi, saivi ni keki na asali na tambi za bei. Onja tambi za unga wa chesnati, na kama haupo msimu huo omba pizzoccheri, tambi za ngano nyeusi na kabichi, viazi na jibini, zinashiba kweli.

Kitu kimoja cha kuwa makini. Tarehe 23 Agosti 2017 sehemu kubwa ya mlima Piz Cengalo iliporomoka kwenye bonde la Bondasca, watembea milima wanane wakafa, matope na mawe yakafika mpaka kijiji cha Bondo chini. Soglio yenyewe iko upande wa pili, haikuguswa, na njia yake maarufu ya juu inayotoka Casaccia kuja Soglio haina uhusiano na huko. Lakini njia za Bondasca usiingie kwa sababu umeziona kwenye ramani ya simu, uliza kwanza, na ukikuta kibao cha kufunga njia ujue si pambo.

KUFIKA, KWA ASIYE NA GARI

Guarda ndo rahisi. Kutoka Zürich unapanda treni mpaka Landquart, unabadilisha treni nyekundu za Rhätische Bahn, mnapita handaki la Vereina lililofunguliwa 1999, kilomita 19 gizani, mkitoka upande wa pili hata hali ya hewa inaweza kuwa nyingine. Jumla ni kama masaa mawili na nusu hadi matatu. Kuna kituo cha Sagliains cha ajabu kidogo, ni cha kubadilishia treni tu, hakuna hata barabara ya kutokea, kwa hiyo ukishuka pale usitafute mlango, subiri treni yako. Vituo vingi vidogo vya reli ile treni inasimama ukibonyeza kitufe tu, usikae ukisubiri tangazo. Kituo cha Guarda kiko chini bondeni, kibasi cha njano cha posta kinakupandisha, na mwenye nguvu anaweza kupanda kwa miguu, ila sio na sanduku la kilo ishirini na tatu jamani.

Soglio ni mbali kutoka Zürich, siku nzima karibu inaisha. Lakini kama unatua Milan hesabu inageuka: treni mpaka Chiavenna kwa kubadilisha Colico, alafu basi la kupanda bondeni, unashuka Promontogno, basi dogo linamalizia kona za mwisho na dereva anapiga honi ya sauti tatu kila kona kali. Kwa hiyo swali la Guarda au Soglio mara nyingine linaamuliwa na ndege yako inatua wapi, usijitese bure.

Hallstatt kutoka Vienna ni kama masaa matatu na nusu, unabadilisha Attnang-Puchheim. Kutoka Salzburg ni masaa mawili na ushee.

HELA, MENO NA MAGOTI

Uswisi ni ghali, hakuna namna ya kulipamba. Sahani moja ya kawaida ya usiku hesabu faranga 25 mpaka 35 bila kinywaji. Hallstatt inalipwa kwa euro na chakula kinakuwa nafuu kidogo, ila kitanda cha Hallstatt msimu wa watu kinaweza kukula zaidi ya kile cha Guarda, kwa hiyo ile hesabu ya "Austria ni rahisi" haisimami pale kijijini. Ukitaka kuokoa lala Obertraun, upande wa pili wa ziwa. Guarda nunua mkate, matunda na maji Scuol kabla hujapanda, na ukumbuke maduka mengi yanafungwa Jumapili. Maji ya bomba yananyweka kote kutatu. Tiketi za Uswisi angalia kadi ya nusu nauli kabla hujanunua chochote, na ukifika hotelini uliza kama kuna kadi ya mgeni, sehemu nyingi wanatoa na inakupunguzia vitu.

Kwa Waislamu na yeyote asiyekula nguruwe: msitegemee nyama halali kwenye vijiji hivi, na supu ya shayiri ya Graubünden inaonekana haina neno lakini mara nyingi ina vipande vya nyama ya nguruwe, na capuns, yale majani yaliyofungwa kama dolma, nayo ni hivohivo. Salama ni maluns, viazi vinavyokwanguliwa na kukaangwa na unga mpaka vinakuwa chengachenga, vinaliwa na rojo la tofaa. Au pizzoccheri. Au jibini. Hallstatt ndo mnafuu hapa kwa watu wa pwani maana kuna samaki wa ziwani, wanamkaanga mzima. Keki ya jozi ya Engadin ni nzito na tamu kupita kiasi, kipande kimoja mnagawana wawili, na ndo zawadi nzuri ya kurudi nayo maana haiharibiki haraka.

Mzazi mwenye magoti mabovu: Guarda ni mtaa mmoja mkuu wenye mteremko wa kuvumilika na mabenchi kila mahali. Soglio mawe ya chini hayako sawa, mvua ikinyesha yanateleza, kigari cha mtoto ni mateso. Hallstatt chini ziwani ni tambarare lakini kanisani na kwenye mafuvu ni ngazi.

Na lile ambalo watu wananiuliza pembeni, kuhusu sisi weusi kwenye vijiji vya watu mia mbili. Hallstatt hakuna anayekuangalia, wameshaona dunia nzima. Guarda na Soglio wazee watakuangalia, hasa nje ya msimu. Dawa yake ni kusalimia wewe kwanza, maana huko kama kwetu ukipishana na mtu kijijini humsalimii ni wewe mwenye makosa: Guarda unasema "allegra", Soglio "buongiorno". Nilivyoona mimi uso unafunguka palepale, na maswali yanaanza, unatoka wapi, kule kuna baridi, na mara unaonyeshwa picha za wajukuu. Shikamoo haipo lakini nafasi yake ipo.

UNAWEZA KUUNGANISHA VIWILI

Kama una siku tano sita, Guarda na Soglio vinaungana vizuri: treni kutoka Guarda mpaka St. Moritz kwa kubadilisha njiani, alafu basi la njano linapita maziwa ya Silvaplana na Sils, linafika Maloja mita 1,815, na hapo barabara inatumbukia ghafla kona juu ya kona mpaka Bregaglia. Kaa upande wa dirisha. Nusu siku inatosha kwa raha. St. Moritz penyewe ni maduka ya saa na makoti, badilisha basi uendelee, labda uingie kwa Segantini tu. Hallstatt usiiunganishe na hivi viwili kwenye safari fupi, utakula siku nzima ya treni kwenda na nyingine kurudi.

Tarehe nazo ziangalie kabla ya yote. Mwezi wa nne na wa tano mwanzoni, na wa kumi na moja, hoteli nyingi za milimani zinafungwa kabisa wenyewe wapumzike, na Palazzo Salis inafunga msimu wa baridi wote. Oktoba ya katikati miti ya larch ya Engadin, jamii ya msonobari, inageuka rangi ya dhahabu na Soglio moshi wa chesnati umeanza, kwa hiyo ndo wiki ninazoziona nzuri kuliko zote, ila Waswisi nao wanazijua, na vyumba vya kijiji kizima unaweza kuvihesabu. Viza ikichukua wiki tatu na kubuki unataka miezi mitatu kabla, anza mwezi wa saba, na chagua chumba cha kufuta bila kulipa mpaka pasipoti irudi mkononi.